Lenzi ya Kifuniko cha Chupa

Kwenye albamu zote tatu za familia, Mama amelala. Amelala akiwa wima kwenye harusi ya binti yake mkubwa, amelala akikata keki, amelala akipokea cheti cha mfanyakazi bora huku mkono wake umeshikwa na bwana mmoja wa ofisini anayeichekea kamera kana kwamba cheti ni chake. Ipo picha moja tu ambayo jicho la kushoto limefunguka nusu, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, maana humo anafanana na mtu aliyebanwa na chafya msibani. Ndiyo iliyowekwa kwenye kitambulisho chake cha kazi.

Mama alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye kitengo cha kufulia cha hospitali kubwa, na miaka kumi na miwili ya mwisho alikuwa mkuu wa kitengo. Kila mkuu anayestaafu hutundikwa ukutani kwenye korido ndefu inayotoka kwenye mashine na kuingia ukumbi wa kukunjia mashuka. Wako saba, wote macho wazi, hata yule wa nne ambaye wafuaji wazee huapa kwamba hawakuwahi kumwona akiwa macho hata siku moja. Fremu ya nane ilikuwa imeshatundikwa, tupu. Ofisi ilimwandikia Mama barua fupi: alete picha moja nzuri kabla ya mwisho wa mwezi, asipoleta wataikuza ile ya kitambulisho.

"Waikuze tu," alisema Mama akiwagawia watoto wake chai. "Watu watajua nilichoka."

Wote wakacheka isipokuwa Kitinda. Kitinda ndiye wa mwisho kuzaliwa, kitinda mimba, na jina hilo lilimganda mpaka sasa akiwa na miaka ishirini na sita na kibanda chake mwenyewe cha picha za pasipoti. Hakucheka kwa sababu wiki moja kabla ya hapo alikuwa amempelekea Mama miwani aliyoisahau nyumbani, akamkuta peke yake koridoni mbele ya ile fremu tupu. Mama alikuwa akijitazama kwenye kioo chake. Alifumba macho, akayafumbua yakiwa makubwa, akayafumba tena, akayafumbua, kama mtu anayejaribu kofia dukani na kila anayoivaa inamkataa. Alipomwona binti yake alisema, "Vumbi," akakifuta kioo kwa upindo wa aproni.

Kwa hiyo Kitinda alijua. Mama alitaka picha ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote mbele yao, na angekufa kabla ya kulisema.

Tatizo lilikuwa Mzinga.

Mzinga ni mume wa Dada, yule binti mkubwa. Siku za kazi ni karani wa bima. Siku za mapumziko ni mpiga picha wa hafla. Jina hilo alipewa kwa sababu ya lenzi yake, ambayo ina urefu wa chupa ya chai na uzito wa mtoto wa miezi sita. Haipigii picha, anaivaa. Huitanguliza tumboni akiingia ukumbini, na watu humpisha. Ilikuwa lenzi ya kuvutia vitu vya mbali. Ungeweza kumpiga nayo ndege aliye juu ya paa la mtaa wa pili, mradi ndege huyo akubali kukaa juani na asipumue. Lakini ndani ya nyumba, penye mwanga hafifu, tundu lake lilikuwa finyu kama la sindano. Mzinga aliutibu ugonjwa huo kwa njia mbili. Ya kwanza ni flashi, ambayo aliirusha nyusoni mwa watu kama mtu anayemwaga maji machafu dirishani. Ya pili, flashi ikimwishia betri, aliipiga picha hivyohivyo ikatoka imefifia na kutikisika, akaigeuza nyeusi na nyeupe, akaiita "hisia". Kuna binamu yao ambaye nusu ya harusi yake ni hisia. Bibi arusi hajulikani yuko upande gani.

"Mume wangu atapiga," alisema Dada. "Ana vifaa."

"Vifaa anavyo, Dada, hatubishi. Hata fundi bomba ana vifaa."

"Kitinda!"

"Mwache," alisema Mzinga kwa ile huruma yake ya kuudhi. "Shemeji yangu amezoea kibandani. Tazama mbele, usicheke, masikio yaonekane, anayefuata! Huku ni hafla, shemeji. Kuna matukio."

"Na katika matukio yako yote, shemeji, Mama ameamka lini?"

Mzinga alifungua mdomo, akaona heri autumie kunywea chai. Mama aliweka birika chini.

"Pigeni wote wawili," alisema. "Siku ya kuniaga. Ikitoka moja nina macho, ndiyo iende. Na anayenipigia kelele sebuleni kwangu aende akaoshe vyombo."

Kitinda aliosha vyombo huku akipanga mashambulizi. Adui kwake alikuwa wazi: flashi. Mtu yeyote mwenye akili timamu akimulikwa vile angefumba macho, na Mama alikuwa na akili timamu. Kwa hiyo mwenye kasoro alikuwa yule anayemulika. Lakini ukumbi wa kukunjia mashuka uko chini ya ardhi, una madirisha madogo yaliyopandishwa karibu na dari na taa za manjano zinazofaa kufugia vifaranga. Kamera yake ya kibandani ilikuja na lenzi ya kawaida ambayo bila taa mbili za pembeni haioni kitu. Alihitaji lenzi inayokunywa mwanga. Na ilibidi iwe ya bei anayoiweza mtu anayeishi kwa masikio ya watu.

Duka la kwanza lilikuwa na viyoyozi na kijana wa tai.

"Hii hapa, dada," alisema, akimwekea mkononi lenzi ndefu, mdogo wake ile ya Mzinga. "Ina zumu. Karibu, mbali, yote unapata. Tena ni kifurushi: unapewa na begi, na kitambaa cha kufutia."

"Tundu lake linafunguka mpaka ngapi?"

"Linafunguka vizuri sana."

"Namba, kaka."

Kijana aliigeuza lenzi, akaisoma pale mbele kama mtu anayetafuta jina la mgonjwa kwenye orodha, akasoma namba ya mfululizo. Kitinda akamrudishia, akamwambia kitambaa kile kitamfaa kufutia uso, akatoka.

Duka la pili halikuwa duka. Kilikuwa chumba chembamba nyuma ya duka la vitambaa, na mwenyewe ni Fundi, mzee wa sharubu aliyezoea kuvaa miwani kwenye paji la uso na kuyaacha macho yajitegemee. Hakumwonyesha kitu chochote. Alimuuliza.

"Ya kumpigia nani?"

"Mama yangu. Uso."

"Mwanga?"

"Haupo. Chini ya ardhi, madirisha yako juu, madogo. Na flashi sitaki kuisikia."

"Atakaa kitini?"

"Mama yangu hajui kukaa."

Fundi alitandika kitambaa cheusi mezani, akaweka lenzi tatu, moja baada ya nyingine, kwa utulivu wa mtu anayepanga meno ya bandia. Ya kwanza ilikuwa nzito, kioo chake kinene na cheusi kama kisima. Ya milimita themanini na tano, alisema Fundi. Nyuso ndiyo kazi yake. Kitinda aliifunga kwenye kamera yake. Bei ilimtisha, lakini angeweza kujinyima. Akaanza kujinyima palepale kichwani.

"Huko ukumbini utasimama mbali kiasi gani?"

"Katikati kuna meza ya kukunjia, ndefu. Kutoka mezani mpaka ukutani ni hatua mbili."

"Basi simama hatua mbili, unipige mpaka kifuani."

Alisimama. Kwenye kamera aliona pua ya Fundi, sharubu, na kipande cha kidevu. Alirudi nyuma, mgongo ukagonga mlango.

"Ukinitaka na kifua itabidi utoboe ukuta ukanipigie mtaani," alisema Fundi. "Lenzi nzuri. Si ya ukumbi huo."

Ya pili ilikuwa ya hamsini, ya chuma, tundu lake kubwa kuliko zote, bei yake ndogo kuliko ilivyostahili. Kitinda aliichukulia hiyo kama tusi. Mtu hauzi chuma kwa bei ya plastiki kwa sababu anakupenda. Aliwasha tochi ya simu, akaipitisha upande mmoja na kuchungulia upande wa pili. Ndani, kwenye ukingo wa kioo, nyuzi nyembamba nyeupe zilikuwa zimetambaa kama utando wa buibui.

"Hii ina kuvu, Fundi."

"Nilitaka nione kama utaiona."

"Na nisingeiona?"

"Ningekuuzia."

Kitinda alimtazama kwa dharau, na ndani ya dharau ile kulikuwa na heshima kidogo, ya mwizi kwa mwizi.

Ya tatu alikuwa hajaigusa. Ilikuwa ya hamsini vilevile, ya plastiki, fupi, nyepesi. Ukiiweka kwenye kiganja ungedhani imeanguka kutoka kwenye kitu kingine. Alipoijaribu ililia wiii, kama mbu aliyekosa sikio.

"Inalia," alisema.

"Inalia, lakini inaona. Na kwenye kamera ndogo kama yako, hamsini inamsogeza mtu karibu kidogo. Hatua mbili zitakutosha. Nipige."

Hilo hakuhitaji kufundishwa. Alilifungua tundu lote, moja nukta nane, akamlenga Fundi pale gizani nyuma ya kabati, bila taa, akabonyeza. Picha ikatoka angavu kuliko chumba chenyewe. Kitinda alitabasamu, akaikuza kwenye skrini. Unywele mmojammoja wa sharubu ulionekana. Macho yalikuwa yamezama kwenye ukungu.

"Umezipiga vizuri sharubu," alisema Fundi. "Mama yako anazo?"

"Lenzi hii—"

"Lenzi haina kosa. Ukifungua lote, sehemu inayotoka kali ni nyembamba kama kucha. Ukilipata jicho, sikio limekukimbia. Punguza tundu, nenda mbili nukta mbili; namba ikipanda, tundu linabana. Na usiiache ikuchagulie yenyewe pa kulenga, hiyo inapenda pua. Ipe jicho lililo karibu nawe."

Alitaka kumwambia kwamba ana diploma ya upigaji picha, lakini diploma ilikuwa nyumbani na sharubu zilikuwa pale kwenye skrini. Alipunguza, akalenga jicho, akabonyeza. Safari hii aliziona kope, na katikati ya mboni dirisha dogo lenye kivuli cha msichana aliyeshika kamera. Alilipa. Fundi alimfungia lenzi kwenye kipande cha soksi.

"Mjaribu mama mwenyewe nyumbani, kabla ya siku."

"Kazi ya picha naijua, Fundi."

"Sijasema picha. Nimesema mama."

Kitinda aliitikia kama wanavyoitikiwa wazee, na hakumjaribu Mama. Kwa nini amjaribu? Mwanga alikuwa ameupata, flashi alikuwa ameiua. Kulibaki nini?

Mzinga aliiona lenzi ile mchana wa siku yenyewe, kwenye mlango wa ukumbi. Aliinama. Akavua miwani ya jua, akainama zaidi.

"Shemeji, hicho ni nini? Kifuniko cha chupa?"

"Ndiyo. Na wewe umekuja na chupa yenyewe, kwa hiyo tumekamilika."

"Mke wangu, njoo uone! Mdogo wako amekuja kumpiga mama yenu kwa kifuniko cha chupa!"

Dada alikuja, akaona, akamhurumia. Huruma ile ilimchoma Kitinda kuliko kicheko.

Ukumbi ulinukia kitambaa cha moto. Meza ya kukunjia ilikuwa imefunikwa shuka jeupe, juu yake soda na sahani za biskuti, na wafuaji wamejipanga kuizunguka kwenye nguo zao nzuri, wakiyumba kidogo kama watu waliosahau namna ya kusimama bila kubeba kitu. Mama alivaa gauni la kijani lililopigwa pasi mpaka likawa na kingo. Mwanga wa alasiri ulishuka kwenye vile vidirisha vya juu, ukaangukia upande mmoja wa meza, laini, wa pembeni. Kitinda aliuona akameza mate. Mwanga kama ule watu huukodi.

Mzinga alikuwa ameupa mgongo.

"Mama, huku! Tazama huku! Moja... mbili... tatu!"

Flashi. Mama amelala.

"Nzuri hiyo!" alisema Mzinga baada ya kuchungulia skrini, kwa sauti ya mtu anayemwambia maiti atapona. "Nyingine. Moja... mbili... tatu!"

Mama amelala. Mara tano alihesabu, mara tano flashi ikapasuka, na mara tano alisema nzuri hiyo. Kitinda alikunja mikono ukutani, akifaidi. Alipoitwa zamu yake alitembea polepole makusudi. Alimsogeza Mama mpaka mwanga ukamshika shavuni, akaweka mbili nukta mbili, akalenga jicho la karibu. Ndani ya kamera uso wa Mama ulikuwa mzuri mno, mikunjo yote ikisomeka.

"Tayari, Mama? Moja, mbili, tatu."

Shata ya kamera ikalia kidogo tu. Hakukuwa na flashi. Mama amelala.

Kitinda alirudia. Mama amelala. Akarudia tena, na joto likaanza kumpanda shingoni, kwa sababu alihisi pumzi ya Mzinga begani.

"Hee! Kumbe hata kifuniko cha chupa kinamlaza!"

Wafuaji wakacheka, Dada akacheka, hata Mama akacheka macho wazi kabisa, na kabla Kitinda hajanyanyua kamera kicheko kilikuwa kimekwisha. Alibaki anamtazama. Kisha akafanya jambo la ajabu. Alimlenga Mama bila kuweka kidole kwenye kitufe.

"Moja," alisema. Mama akanyooka. "Mbili." Mama akabana midomo. "Tatu."

Mama akafumba macho. Akayafumbua yakiwa makubwa, mazuri, tayari, mbele ya kamera ambayo haikuwa imepiga chochote.

"Mama. Unafanya nini?"

"Si umesema tatu? Najiandaa."

"Unajiandaa kwa kufumba?"

"Nafumba ili nifumbue vizuri," alisema Mama, akishangaa kuulizwa. "Yatoke makubwa."

Kitinda alishusha kamera. Miaka thelathini na mmoja. Wapumbavu wote waliowahi kushika kamera mbele ya mwanamke yule walimhesabia, na wote walibonyeza kwenye tatu, wakaondoka sekunde moja kabla hajafika. Na mpumbavu wa mwisho, mwenye diploma, aliyeapa kwamba kosa ni la flashi, alikuwa akiwahesabia watu kibandani mara arobaini kwa siku na alikuwa amekuja kumhesabia mama yake mzazi. Yeye na Mzinga walikuwa wanaimba wimbo mmoja. Tofauti ni kwamba Mzinga aliuimba na taa. Sijasema picha, nimesema mama. Aliwaza kwamba kama Fundi angekuwa pale angemvuta sharubu.

"Basi, Mama, yameisha," alisema. "Nenda kale biskuti."

"Zimetoka?"

"Zimetoka."

Akaiacha kamera ining'inie kifuani, akaegemea ukuta kama mtu aliyeshindwa. Mzinga alimpigapiga begani. Kisha akaendelea na doria yake, na Kitinda akaona jambo ambalo alikuwa akilitazama miaka yote bila kuliona: kila pale mzinga ule ulipogeukia, watu walikauka. Waliokuwa wakitafuna walimeza. Waliokuwa wakicheka walivaa vicheko vingine, vya kuazima. Nyuma yake waliyeyuka tena wakawa watu. Kwa upande wa Kitinda hakuna aliyetazama. Kifuniko cha chupa hakikumtisha mtu.

Afisa Utawala alisimama kuhutubia. Alikuwa bwana wa shingo fupi aliyeshuka ngazi za kule chini, kwa kumbukumbu ya wafuaji, mara mbili. Alisema kazi hii inaweza kuonekana ndogo. Alisema ni ndogo lakini ni muhimu. Akaeleza muhimu ni nini, kwa mifano, dakika kumi na moja. Kisha akaona hotuba haijachangamka, akaamua kuchekesha.

"Na leo," alisema, "ili kumheshimu mama yetu, hata mimi nitakunja shuka!"

Makofi. Akaletewa shuka. Alilikumbatia, akalizungusha, akaliangusha ncha moja, akalikanyaga, akaliviringisha, na mwishoni akaweka mezani kitu kinachofanana na mtu aliyelala akiwa amelewa. Akajipigia makofi. Mzinga akamrushia flashi. "Moja, mbili, tatu! Nzuri hiyo, mheshimiwa!"

Mama alikuwa kwenye ncha ya meza, hatua mbili kutoka kwa Kitinda, mkono juu ya meza, mwanga wa dirisha shavuni. Aliinama kulitazama lile shuka. Kisha, polepole sana, akainua macho kumtazama Afisa Utawala.

Kitinda hakusema moja. Lenzi ililia wiii, na katika makofi yale hakuna aliyeisikia. Jicho la karibu. Akabonyeza mara tatu.

Mama alilivuta shuka, akalikung'uta mara moja hewani mpaka likasema pwaa, akalikunja kwa mikunjo minne ya kasi ambayo macho ya mtu wa kawaida hayawezi kuifuata, akaliweka chini. Kingo zake zilikuwa kali kiasi cha kukata mkate. Makofi yalikuwa yamekufa. Afisa Utawala akacheka peke yake, akatazama saa.

Jioni ile Mzinga alizituma zake kwenye kundi la familia: hamsini na nne. Katika hamsini na moja Mama amelala. Tatu zilizobaki zilikuwa hisia. Kitinda alituma moja. Dada ndiye aliyeandika wa kwanza: "Huyu ni Mama?" Halafu shangazi mmoja wa mbali, ambaye huwa haandiki chochote isipokuwa pole na hongera, akaandika kwamba kweli ile lenzi kubwa ya shemeji yao ni kiboko. Mzinga hakumkosoa. Aliweka alama ya mikono iliyofumbatana, ya kushukuru.

Kesho yake Mama na Kitinda waliipeleka ofisini. Afisa Utawala aliiweka mezani, akaipindua huku na huku. Katika picha ile kope za Mama zilihesabika. Macho yalikuwa wazi, meusi, makubwa, nayo yalimtazama mtu fulani nje ya fremu kwa dharau iliyokomaa, iliyotulia, isiyo na haraka, dharau ya miaka thelathini na mmoja ya kupokea mashuka kutoka juu.

"Ni kali," alisema Afisa Utawala. "Lakini mama, umekasirika hapa. Hatuna ya kutabasamu?"

"Sijakasirika," alisema Mama. "Niko kazini."

"Ulikuwa unamtazama nani?"

"Shuka."

Afisa Utawala akaitia kwenye faili. Fremu ilikuwa inasubiri, na mwezi ulikuwa unaisha.

Wiki mbili baadaye Mzinga alipita kibandani, peke yake, bila chupa yake ya chai tumboni. Alinunua picha za pasipoti ambazo hakuzihitaji. Kitinda alimpiga bila kuhesabu, na kwa mara ya kwanza Mzinga alitoka na uso wa mtu.

"Shemeji," alisema akichezea pazia. "Hivi ile... ile yako ndogo. Uliipata wapi?"

"Kile kifuniko?"

"Aa, tulitaniana tu."

Kitinda alimfikiria Fundi kwenye chumba chake chembamba, na kitambaa cheusi, na yale maswali yake. Alimfikiria Mzinga akiyajibu. Hapana. Kuna watu hawafai kuulizwa.

"Kuna duka lina viyoyozi," alisema, akimwandikia mtaa kwenye karatasi. "Muulize kijana wa tai. Ana kifurushi, shemeji. Unapewa na begi."

Mzinga alishukuru sana.

Mwisho wa mwezi uliofuata Kitinda alimsindikiza Mama kuchukua vitu vyake vya mwisho kabatini. Walipita koridoni. Wakuu saba walikuwa palepale, wametabasamu kwa amri, wote wametazama mbele kwenye tatu. Wa nane alitazama pembeni, kuelekea mlango wa ukumbi wa kukunjia. Mkuu mpya, mwanamke mwembamba aliyekuwa bado anaivaa aproni kama gauni la kuazima, aliwafuata kwa hatua fupifupi.

"Mama, samahani," alisema. "Vijana wameniomba nikuulize. Kama tungeweza kukuhamishia upande ule wa mashine. Wanasema wakikunja wanakuona unawaangalia."

"Wanakunjaje?"

Mkuu mpya alisita. "Siku hizi wanakunja vizuri."

Mama alisogea mbele ya fremu. Kitinda alisubiri aone kama atafumba kwanza. Hakufumba. Alijitazama hivyohivyo, macho kwa macho, muda mrefu, mpaka mkuu mpya akaanza kuinyoosha aproni yake bila kujua kwa nini. Kisha Mama akakigusa kioo kwa kidole, akakitazama kile kidole. Hakikuwa na vumbi.

"Niacheni hapahapa," alisema.